Nina Njaa ya Kumwona Amekaa

Dada mshauri,

Nakuomba unisomee mpaka mwisho, ingawa mwandiko wangu ni wa mtu aliyeacha shule mapema na mikono yangu imezoea waya kuliko kalamu. Mimi ni mfunga nondo, kazi yangu ni kufunga vyuma kwa waya kabla zege halijamwagwa, na nikishafunga zege linamwagwa na hakuna atakayeona tena nilichofanya. Niko mbali sana na kwetu, mwaka wa pili huu unaelekea ukingoni, tunalala wanane chumba kimoja vitanda vya juu na chini, mimi niko juu karibu na taa, na ukitaka kugeuka lazima kwanza uombe radhi kwa aliye chini.

Shida yangu ni mke wangu. Hajanikosea, na hilo ndilo limenifanya niandike, maana angekuwa amenikosea ningeuliza hapa hapa chumbani, na hapa watu wana elimu kubwa sana ya wake waliokosea.

Mke wangu anakimbia. Sisemi amekimbia nyumba, anakimbia kwa miguu yake, mabarabarani na milimani. Kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali, na nilipoondoka hakuwa mtu wa mbio hata kidogo, ila nyumbani kwetu simu haishiki vizuri, inashika juu kule kwenye tangi la maji, na mapumziko yangu ya mchana yanaangukia saa anayotoka kazini, basi ikawa akitoka tu anaupandisha ule mwinuko mbio ili anipate kabla kengele ya huku haijalia, na mimi nikipokea maneno ya kwanza siyasikii, ni pumzi tupu, anahema sikioni mwangu, na nikaizoea ile pumzi nikaipenda kuliko hata maneno yenyewe. Siku moja akafika hahemi. Nikamuuliza, "Leo umeletwa na gari?" Akasema, "Nimekuja mbio kama kawaida, nimezoea tu." Nikacheka, lakini dada mshauri, moyoni nilipungukiwa kitu.

Kuanzia hapo tangi likawa halimtoshi, akilifikia analipita, akapata wenzake wa kukimbia nao siku za mapumziko, na yuko fundi baiskeli mmoja wa pale mtaani, hana mke, ambaye anakwenda pembeni yake na baiskeli akimbebea maji. Mama mkwe wangu anasema, "Mwanangu anakimbia kama aliyeiba, na hajaiba hata kijiko." Mimi nilicheka na nikawa najivuna pia, nawaonyesha wenzangu picha, mke wangu kwenye vumbi, mke wangu kwenye matope, mke wangu anapita jiwe la njiani ameinua mkono. Sasa amejiandikisha katika mbio ambazo sikujua kama zipo duniani. Ni za siku sita. Wanakimbia tangu asubuhi mpaka wafike kambi, wanalala, asubuhi wanaamka na ile miguu ya jana wanaendelea, milima na mabonde na mchanga, na anayemaliza ni yule aliyeamka siku zote. Kila mmoja anaruhusiwa mtu wake wa kumngojea kambini, wa kumchemshia maji, kumpikia, kumfunga vidonda na kumkanda, ili kesho aweze kusimama.

Nikaona na mimi nifanye sehemu yangu kutoka huku. Nikaenda dukani siku ya mapumziko nikamnunulia viatu vya mbio, vizuri kweli, na muuzaji aliponiuliza namba niliitaja bila kufikiri, maana namba ya mguu wa mke wangu naijua kama ninavyolijua jina lake. Vikamfikia, akavivaa kwenye mbio za majaribio za siku mbili, nikamuuliza vikoje, akasema ni vyepesi kama hakuvaa kitu. Nililala vizuri wiki ile.

Halafu siku moja nikapiga simu akapokea fundi baiskeli, wako pale kwenye tangi na mke wangu amekwenda kujimwagia maji bombani. Tukasalimiana vizuri. Akasema, "Shemeji, usiwe na wasiwasi na vile viatu, nimevikata mbele kwa kisu, sasa vinavalika."

Nikamwambia, "Vimekuwaje mpaka vikatwe?"

Kisha akasema, "Kwani hakukwambia? Kucha mbili zilitoka. Lakini zinarudi, shemeji, kucha ni kama nyasi."

Akanieleza bila ubaya wowote kwamba mtu akikimbia sana mguu unapanuka na kurefuka, kwa hiyo anayejua hununua kikubwa. Anayejua. Nikabaki nimeshika simu juu ya jengo la ghorofa kumi na moja, na nikaona kwamba kuna mtu mwingine anayeijua miguu ya mke wangu na mimi naijua ile ya zamani.

Aliporudi nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia vinakubana?"

"Ungekosa usingizi."

"Na kwa nini ulivivaa siku mbili nzima?"

"Kwa sababu umevinunua wewe."

Yeye ndiye aliyeendelea, akasema, "Basi njoo uione mwenyewe hii miguu. Njoo uwe mtu wangu wa kambini. Fundi yupo na atakuja nikimwambia, lakini nakutaka wewe."

Nikasema nitaomba ruhusa. Nikaomba, huku nina uhakika nitakataliwa, maana msimamizi wetu hajawahi kumpa mtu ruhusa bila kumuuliza nani amekufa. Akaniuliza kweli. Nikasema hakuna aliyekufa, mke wangu anakimbia mbio za siku sita. Akanitazama sana, akasema, "Peke yake?" Nikasema peke yake. Akasema, "Nenda, nami utanisimulia." Akanipa siku zile zile nilizoomba, na akaniambia nikirudi nisiombe nyingine mpaka jengo lifike paa.

Sasa ndipo ubaya wangu ulipo, dada mshauri. Mke wangu akiniuliza namjibu, "Bado hawajanijibu." Wiki ya pili hii. Ruhusa ninayo na namjibu hivyo. Juzi akasema, "Haidhuru, nitamwambia fundi ajiandae," kwa sauti ya kawaida kabisa, hakulalamika hata neno, na mimi tangu hapo chakula hakipiti.

Nitakwambia kwa nini nasema uongo, na usinicheke. Muda wote niliokuwa huku kuna kitu kimoja ninachokiwaza nikilala. Si mambo ya chumbani, ingawa na hayo yapo, mimi ni mtu mzima. Nawaza nafika nyumbani, nausukuma mlango wetu wa nyuma, ule unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke, na yeye amekaa. Basi. Amekaa kwenye kigoda, mikono yake inanuka sabuni ya kazini, hana haraka, hana pa kwenda, na mimi nakaa karibu naye mpaka maji ya chai yakauke sufuriani na hakuna anayeinuka. Kila picha anayonitumia yuko mbioni. Kila simu yuko njiani. Nina njaa ya kumwona amekaa.

Nikienda kwenye mbio hizo nitampata wapi? Siku mbili za safari, halafu siku sita namngojea kwenye vumbi na watu nisiowajua, anafika jioni amechoka hajui hata jina langu, nampaka dawa, halafu anakwenda kulala kwenye hema la wakimbiaji na mimi kwenye hema la wasaidizi, maana nimeuliza, hawalali pamoja. Asubuhi ananipa mgongo anaondoka tena. Nimekaa mbali naye muda wote huu, halafu niende nikamwone akiondoka kila asubuhi. Zikiisha tutabaki na siku mbili tatu za nyumbani ambazo atalala kama gogo, kisha napanda gari narudi kwenye nondo. Na hata huko kambini nitafanya nini, dada? Vidole vyangu ni msasa mtupu. Hata siku ya kuagana nilimshika shavu akashtuka. Fundi anajua kufunga vile vidonda na mimi ninachojua kufunga ni vyuma.

Mchomeleaji mmoja anayelala kitanda cha chini yangu nilimdokeza. Akasema, "Wenzako wake zao wanakimbia na wanaume. Wako anakimbia peke yake na unalia, je angekaa ungefanyaje?" Wakacheka chumba kizima na mimi nikacheka nao. Lakini hajanisaidia.

Kwa hiyo naomba unishauri. Nimwambie ukweli kwamba ruhusa ninayo, ila aache hizo mbio mwaka huu anisubiri nyumbani kama mke anavyomsubiri mume aliyetoka mbali? Au nikae kimya niendelee na kazi, aende na fundi wake, mimi nije jengo likifika paa? Au niende nikashike beseni la kumwoshea miguu? Na huyu fundi nimfanyeje? Nampenda mke wangu mpaka naona aibu kuandika. Siku zinakaribia na yeye bado ananiuliza kila siku kama wamenijibu.

Ni mimi,
Mfunga nondo wa mbali


MSHAURI ANAJIBU

Mfunga nondo, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Mwandiko si mbaya. Kibaya ni ulichokuwa ukifanya wiki hizi mbili.

Tuanze na uongo, maana huo unaoza kila siku. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na njia ya mke wako ni ndefu, sasa mtakutania wapi? Unasema alipojibu "haidhuru" hakulalamika hata neno, na hilo likakuuma. Ulitaka alie simuni ili ujue anakuhitaji, baada ya wewe kumwambia kwamba bado hawajakujibu. Mwanamke huyu alikimbia siku mbili na viatu vinavyomng'oa kucha na hakukwambia. Ndiye uliyetegemea apige kelele kwa sababu ya likizo? Huyo akiumia hunyamaza. Ungekuwa unamsikiliza ungejua kwamba ile sauti ya kawaida kabisa ndiyo kilio chenyewe.

Fundi baiskeli muache. Kama angekuwa na nia mbaya asingekwambia habari za kucha kwa mdomo wake, tena akakuita shemeji. Mwizi hapigi hodi. Huyo amemhudumia mkeo kwa maji na kisu, na wewe unadaiwa asante.

Sasa viatu. Kununua namba ndogo si dhambi, mume yeyote aliye mbali angefanya hivyo hivyo. Ulinunua viatu vya mwanamke uliyemwacha nyumbani. Lakini angalia vizuri unataka kufanya nini na likizo yako. Unataka tena kumwendea mwanamke uliyemwacha, akae kwenye kigoda pale pale ulipomwacha, na kama miguu yake imezidi kigoda hicho, basi aikunje. Mdogo wangu, umeshambana vidole mara moja kwa mapenzi. Usirudie.

Umeandika mwenyewe, halafu ukapita kama hukuona, kwamba alianza kukimbia ili aipate simu yako. Alipofika siku ile hahemi, wewe ulipungukiwa. Mwenzio alikuwa amepata nafasi ya maneno mengi zaidi kabla kengele haijalia, na wewe ukatamani aheme. Sikulaumu sana. Upweke unamfanya mtu apende vitu vya ajabu, mimi namjua mama mmoja aliyekuwa akilala na koti la mumewe likiwa na misumari mfukoni. Ila usimtake mtu abaki dhaifu ili umsikie vizuri.

Unasema una njaa ya kumwona amekaa. Maneno hayo yalinifanya niiweke barua chini kidogo. Lakini ulifikiri? Mkimbiaji wa siku sita anakaa wapi, na mbele ya nani? Nimemtafuta mama mmoja, muuguzi, ambaye amewahi kuwangojea wakimbiaji kambini. Anasema wakifika wanakaa chini kama mzigo ulioshushwa na hawainuki, na ulimwengu wote unaowatazama wakikimbia hauwaoni hapo. Anayewaona ni mtu mmoja tu, aliyeshika beseni. Nafasi hiyo mkeo amekupa wewe, na wewe unafikiria kumpa fundi.

Basi nisikilize, haya ndiyo ya kufanya. Hutamwomba aache mbio. Mtu hajitayarishi mwaka mzima halafu akaambiwa akae kwa sababu mume amechoka. Utakwenda. Mikono yako ipake mafuta kuanzia leo, kila siku baada ya kazi, na wakicheka chumbani wacheke, wameshazoea. Kata kucha zako, zisije zikamchuna ukimfunga. Huyo fundi mpigie umwambie, "Shemeji, nifundishe." Utashangaa jinsi atakavyofurahi. Atakuonyesha kwamba lengelenge halichunwi ngozi, linatobolewa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, linakaushwa, ndipo linafungwa. Na usiniambie unajua kufunga vyuma tu. Mtu anayefunga kitu kikabeba ghorofa kumi na moja anaweza kujifunza kufunga kidole cha mguu. Soksi kavu kila asubuhi. Chakula kwanza, maswali baadaye, na swali la "unanipenda?" usimuulize mtu mwenye njaa.

Muuguzi amenipa mawili mengine nikupe. La kwanza, mkimbiaji akiwa bado njiani msaidizi haruhusiwi kumgusa wala kumpokea mzigo, hata akiwa anatambaa mbele ya macho yako. Ukimgusa umemtoa mbioni. Hilo litakuwa gumu kwako kuliko nondo zote, kwa hiyo shika kitu mkononi, shika hata kofia. La pili, siku ya tatu au ya nne atalia na kusema anataka kurudi nyumbani. Wewe, ambaye hutaki kitu kingine duniani, usiseme ndiyo. Wala usiseme hapana. Mlishe, mfunge miguu, akalale. Asubuhi mwache aamue mwenyewe, na akisimama akakupa mgongo, ujue kwamba anakupa mgongo kwa sababu ana uhakika jioni utakuwepo. Yeye hilo hajawahi kulipata kwako tangu uondoke. Na nadhani na wewe hujawahi kujua kwamba anayeondoka asubuhi atarudi jioni kwako. Siku sita mfululizo, mdogo wangu. Wapo wanaolala kitanda kimoja miaka yote na hawajui hilo.

Zile siku za nyumbani mwache alale kama gogo na wewe ulale pembeni ya gogo. Mkiamka, muonye kwa upole kuhusu kukuficha maumivu, maana na yeye ana kosa lake. Wote wawili mnasema uongo kwa kuhurumiana, na huruma ya namna hiyo inawaweka mbali kuliko hiyo safari ya siku mbili.

Kazi ya leo ni moja. Mapumziko ya mchana, kabla hajakuuliza wewe, mwambie ruhusa unayo, na umwambie tangu lini. Usipunguze hata siku moja. Atanyamaza. Usiujaze ukimya huo kwa maneno, wala usikate simu ukasingizia kengele. Mwache anyamaze mpaka amalize, halafu akukasirikie mpaka amalize. Baada ya hapo atakuuliza unafika siku gani.

Uwe na jibu.